Vitambaa Vyeupe Kwenye Mahema

Kitendawili. Haya, itikia tega.

Nyumba yangu haina tofali wala msumari. Mwenyewe kaiacha na kwenda zake, nayo imebaki pale pale, inavuta pumzi na kuishusha.

Umeshindwa? Usiniambie mapafu, maana mapafu hayajawahi kuachwa nyuma na mwenyewe. Basi nipe mji. Umenipa? Ahsante. Nimekwenda kwenye mji wako, nimekula, nimelala, nimerudi. Jibu ni hema lililoachwa. Upepo ukiingia linafura, upepo ukitoka linanywea, na wewe uliye mbali utaapa kuna mtu ndani. Laiti ungesimama na Bi Ungo asubuhi ile ya Jumanne, juu ya tuta linalotazama uwanja wa tamasha, ungeona mji mzima wa mahema, mekundu, ya kijani, ya njano, yote yanapumua pamoja, na mtu hamna.

Muziki ulikwisha Jumapili. Jukwaa lilikuwa limeshafunguliwa, spika zimeshapakiwa zikaenda. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyeona kinamhusu: viti vya kukunja vilivyovunjika miguu, magodoro ya kujaza upepo, ndala za mguu mmoja mmoja, sufuria zilizoungulia chakula zikaachwa nacho, makopo, mifuko, chupa, na mahema.

"Hawa watu walikuja kusikiliza muziki au walikuja kuhamia?" aliuliza Koplo Pilipili, ameziba pua kwa kofia yake.

"Wanaohamia huwa wanafagia," Bi Ungo alimjibu, akakaa chini kuvaa mabuti yake ya mpira.

Jina la Ungo hakupewa na mama yake. Walimpa wezi. Walisema ukikaa mbele ya yule mama unamwagia habari zako zote, nafaka na pumba, naye hakukatizi. Anatikisa tu taratibu, anapuliza kidogo, anatikisa tena, na mwisho kinabaki kwenye ungo kile kile ulichotaka kukificha. Polisi wenzake walilipenda jina wakalichukua, naye aliliitikia bila kinyongo. Koplo naye walimwita Pilipili kwa kuwa mdomo wake uliwaka kabla kichwa hakijapata moto. Ila alikuwa na miguu mizuri na moyo usio na hila, na Bi Ungo hakutaka kutembea na mwingine.

Nyuma yao alisimama mtu wa tatu, mwembamba, futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ametoka dukani kwake mbio, akawaacha wateja na nguo zao nusu, kwa sababu binti yake alikuwa hajarudi tangu Jumapili.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Binti alikuja kwenye tamasha na wenzake wa kiwandani, mabinti washonaji kama yeye. Wenzake walirudi na lori Jumapili mchana. Yeye aliwaambia, "Tangulieni, mimi nakunja hema la baba na kusafisha nilipolala, nitapanda gari la jioni." Jioni ikaja bila yeye. Simu ikawa haipatikani. Jumatatu ilikuwa sikukuu, hapakuwa na mlinzi wala mfanyakazi uwanjani wa kuulizwa. Na sasa mwenye uwanja alitaka ng'ombe wake warudi malishoni, kwa hiyo trekta lilikuwa limeshaanza kazi upande wa bondeni, linakokota mahema na kuyasukuma kwenye shimo pamoja na takataka nyingine.

"Fundi," alisema Bi Ungo, "hema lake tutalijuaje katika haya yote?"

"Nililishona mwenyewe, afande. Turubai la bluu, ndani bitana nyeupe, mshono mara mbili. La dukani halifanani nalo."

"Na yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani?"

Fundi alifikiri, akishika futi yake kwa mikono miwili. "Nyumbani kwangu, anayekata kitambaa ndiye anayeokota vipande. Nilimfundisha hivyo tangu ana kimo cha meza. Hawezi kuondoka mahali akaacha hata uzi chini."

"Wazazi wote husema hivyo," Pilipili alinong'ona.

Fundi alimsikia. Akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Lakini kama kuna mwanamume katika jambo hili, nataka kujua ni nani wake."

"Tumtafute mtu kwanza," alisema Bi Ungo. "Maswali hayaozi."

Walishuka kwenye tuta. Pilipili alitangulia kwa hatua ndefu, anatafuta rangi ya bluu. Aliona hema la bluu, akalikimbilia, akakuta lebo ya duka imening'inia mlangoni. Akaona lingine, akajikwaa kwenye kamba yake akaangukia godoro la upepo, godoro likalia kama mbuzi. Bi Ungo hakucheka, ila alisimama kidogo kumpa nafasi ya kuinuka na heshima yake.

"Koplo, unatafuta nini?"

"Hema la bluu, si ndiyo tumeambiwa?"

"Tumeambiwa binti hawezi kuacha uzi chini. Mtu huyo ataachaje hema? Wewe nitafutie mahali pasipo na kitu."

Na kweli, ukishaambiwa, ni rahisi. Katika uwanja ule mchafu kama sakafu ya jikoni baada ya arusi, palikuwa na mraba mmoja wa nyasi zilizolala, zimepauka kwa kukosa jua, safi kama mkeka uliokung'utwa. Matundu ya vigingi yalikuwa yamefukiwa kwa udongo na kukanyagwa. Pembeni, kiroba cha taka kimefungwa mdomo. Na usafi haukuishia kwenye mraba. Ulivuka mpaka, ukaingia kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, kama mtu aliyeshika ufagio akaona aibu kuusimamisha.

Fundi alichuchumaa akaweka kiganja kwenye zile nyasi. "Huyu ndiye mwanangu," alisema, na uso wake ukawa na fahari na hofu kwa pamoja.

"Alikunja, akasafisha, akaondoka," alisema Bi Ungo. "Basi kilichomtokea kilimtokea njiani, kati ya hapa na lango."

Kwenye njia ya kwenda langoni ndipo walipokutana na jeshi. Jeshi lenyewe lilikuwa la wanawake na wanaume wenye glavu na viroba, wametawanyika kwa mistari, na mbele yao mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni. Wafanyakazi wake walimwita Jemadari, na hata Pilipili, bila kuambiwa, alijikuta amesimama wima mbele yake.

"Nyie ndio polisi? Nimeambiwa mnakuja. Sijaona msichana. Ningemwona ningewaambia, sina haja ya kumficha mtoto wa mwenzangu."

"Mahema mnayakagua vipi kabla trekta halijapita?" aliuliza Bi Ungo.

Jemadari alionyesha kwa mikono, kama anafundisha ngoma. "Hodi. Tikisa. Fungua. Chungulia. Ukiona hamna mtu, mlango uache ulivyoukuta, ufunge kitambaa cheupe, nenda linalofuata. Hema lisilo na kitambaa trekta haligusi. Mwaka fulani, uwanja mwingine, si huu, walikokota hema na mlevi ndani. Alipona, lakini mimi usingizi ulinitoka. Tangu siku hiyo nikasema kwangu hodi ni lazima, hata kwa hema lililolala kifudifudi."

Bi Ungo alimtazama yule mama na mistari yake iliyonyooka, nusu ya mji ule ikiwa imeshapata vitambaa, akasema kwa dhati, "Ningekuwa na koplo kumi kama wewe." Pilipili alijifanya anasoma lebo ya kopo.

Ni wakati huo ndipo Fundi alipotoa sauti, akanyoosha kidole. Mzee mmoja alikuwa anapita akisukuma mkokoteni uliojaa chupa za plastiki, na juu ya chupa palikuwa na mkoba wa turubai la bluu.

"Ule mkoba ni mshono wangu."

Pilipili alifika kabla neno halijakwisha. Alimshika yule mzee ukosi. "Msichana yuko wapi?"

"Msichana gani? Niachie shati, lina kifungo kimoja tu kimebaki." Mzee huyo waokota chupa wenzake walimwita Kopo, na alikuwa na maneno mengi kuliko chupa. "Afande, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nimeokota. Kuokota kumekuwa kosa tangu lini, na uwanja mzima umetupwa?"

"Mwachie, Koplo," alisema Bi Ungo. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umelelewa."

"Mkoba ulikuwa umekaaje ulipoukuta?"

Pilipili alimtazama mkubwa wake kama mtu aliyeuliza rangi ya upepo. Lakini Kopo alilielewa swali mara moja.

"Umesimama. Umeegemezwa kwenye kigingi cha hema la watu, kule karibu na mfereji, na mkanda umefungwa. Kama umeambiwa, ngoja hapa, nakuja. Ilikuwa jana, lango limefungwa, nikapenya chini ya uzio. Nikazunguka, nikarudi, mwenyewe hajaja, nikauchukua. Nilichungulia, nikaona ni hema. Nikasema hema leo nani anataka, yapo kama uyoga. Lakini mkoba ni mzuri. Huyu aliyeshona si mchezo."

Fundi, pamoja na hofu yake yote, aliinamisha kichwa kushukuru.

Walifungua mkoba chini. Hema lilikuwa limekunjwa kwa mistari, vigingi vimefutwa udongo na kufungwa kwa kamba. Fundi alilikunjua, akapitisha mkono ndani, halafu mkono ukasimama. Bitana nyeupe ilikuwa imepungua. Ukanda mrefu ulikuwa umeondolewa upande wa chini.

"Umekatwa kwa mkasi," alisema. "Umefuata uzi, haukuyumba hata kidogo. Ni mkono wake. Ana mkasi mdogo, hautoki mfukoni mwake."

"Au kanyang'anywa huo mkasi," alisema Pilipili. "Ukanda mrefu hivi ni wa kumfungia mtu mikono. Au mdomo."

Rangi ilimtoka Fundi. Akakaa juu ya hema alilolishona. Bi Ungo alimtazama koplo wake kama unavyomtazama mtoto aliyetemea chakula cha wageni.

"Nenda kamletee maji anawe uso. Chupa zimejaa kila mahali, tafuta ambayo haikufunguliwa. Na ukienda, mdomo wako uache hapa, nitakutunzia."

Pilipili alikwenda kwa aibu. Alikawia. Walimwona anainama, anainuka, anaingia hema hili anatoka lile. Aliporudi alikuwa ameshika chupa ya juisi, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli.

"Bi Ungo, nimetafuta mpaka kule kwenye mfereji. Soda zipo. Bia zipo, nyingine hata hazijaguswa. Juisi hii hapa. Maji hamna. Hata funda moja."

Bi Ungo alikuwa anampepea Fundi kwa kofia. Kofia ikasimama hewani.

"Mzee wangu," akamgeukia Kopo, "chupa za maji umechukua wewe?"

"Mimi nachukua tupu. Maji ni uzito, nani atasukuma? Halafu ningechukuaje ya maji nikaacha ya soda? Chupa ni chupa, mwanangu. Plastiki haina kabila."

"Umesikia, Koplo? Kuna mtu kapita hapa, kaacha bia, kaacha soda, kachukua maji tu. Haya, yale mahema uliyoingia, milango yake ulikuta imekaaje?"

Pilipili alifikiri, na safari hii alifikiri kabla ya kusema. "Imefungwa. Zipu mpaka chini. Kule kwingine kote ni wazi, huku imefungwa."

"Mwizi hafungi zipu. Mlevi ndiyo kabisa. Sasa nani anaingia nyumba ya mtu, anachukua maji aliyoyabakiza, anatoka, anamfungia mlango?"

Fundi alikuwa ameshasimama.

"Mkasi haukunyang'anywa," Bi Ungo aliendelea. "Mtu aliyefungwa mikono haendi kuteka maji. Na hayo maji si ya kiu yake peke yake. Mwenye kiu hunywa akaenda zake, safari yake ilikuwa imeshafungwa mkoba. Huyu amekusanya ya mtaa mzima. Ana mgonjwa, na hakuweza kumwacha. Na kama jana hakurudi kuchukua mkoba wake, basi jana hiyo hiyo na yeye miguu ilikuwa imemwisha nguvu."

"Mgonjwa gani?" Fundi aliuliza. "Alikuja na mabinti wenzake, wote wamerudi salama. Mgonjwa ni nani wake?"

Bi Ungo alimgawa koplo huku, mzee Kopo kule, yeye akashika katikati, na amri ilikuwa moja: tembeeni mpaka mkute chupa yenye maji, simameni hapo, inueni mkono. Haikuchukua muda. Mkono wa Pilipili ulipanda kulia, wa Kopo ukapanda kushoto, na kati yao palibaki kipande cha mji, mahema mengi, yamebanana kando ya mfereji, mahali ambapo hapakuwa na maji. Binti hakwenda mbali na mgonjwa wake. Alikuwa humo.

Lakini mahema yote yale yalikuwa na kitambaa cheupe mlangoni. Na trekta lilikuwa limemaliza bondeni, linapanda.

"Hapo tumeshapita," alisema Jemadari, alipofika akihema. "Nilileta mstari mmoja kutoka juu na mmoja kutoka chini, wakakutana hapo hapo kando ya mfereji. Tazama mwenyewe, kila mlango una kitambaa. Hamna mtu, afande. Watu wangu hawadanganyi."

"Sijasema wanadanganya. Vitambaa vyenu mnapata wapi?"

"Mashuka yaliyochakaa ya hospitali. Tunachana kwa mikono, mkasi unatuchelewesha."

Bi Ungo aliushika mlango wa karibu. Kitambaa kilikuwa kimechanika vibaya, nyuzi zinaning'inia pande zote mbili. Akashika cha pili, vivyo hivyo. Halafu akakiachia taratibu, na Pilipili, aliyemjua, aliona mabega yake yameinuka.

"Fundi. Njoo, kazi hii ni yako. Vitambaa vya Jemadari vina ndevu. Nitafutie kisicho na ndevu."

Jemadari alikuwa wa kwanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kulimpiga kifuani. Aligeuka akaondoka kuelekea trekta, kwa mwendo ambao mwili wake ulikuwa haujautumia miaka mingi. Alipuliza filimbi. Dereva alikuwa amevaa vidude vya muziki masikioni, hakusikia. Alipuliza tena. Trekta likaja. Basi Jemadari alifika mbele yake, akachagua mahali pakavu, akaketi chini, akanyoosha miguu, akakunja mikono kama anayesubiri kuletewa chai. Trekta lilisimama huku limetikisika lote, na dereva akavua vidude.

"Mama, una wazimu?"

"Ninao. Zima mashine."

Kwenye mahema, Fundi alikuwa anapita mlango kwa mlango. Hakutazama, alishika. Kidole gumba na cha shahada, kwenye ukingo wa kila kitambaa, mara moja, anaacha, anakwenda mbele. Pilipili alimfuata nyuma kimya, na kimya kile kilikuwa kipya kwake. Ndevu. Ndevu. Ndevu. Kwenye hema moja kubwa la kijani, la dukani, mkono wa Fundi uliganda.

Kitambaa chake hakikufungwa fundo moja kama vingine. Kilikuwa kimepitishwa huku na huku katika pande mbili za mlango, kama uzi wa viatu, kwa sababu zipu ya mlango ule ilikuwa imekufa, meno yameachana. Mtu alikuwa ameushona mlango kwa ukanda mweupe ili mbu na baridi visiingie. Waliotoka juu waliona cheupe mlangoni, wakasema wa chini wameshapita. Waliotoka chini wakaona cheupe, wakasema wa juu wamewahi. Hakuna aliyepiga hodi.

"Bitana yangu," alisema Fundi.

Jemadari alikuwa amewafikia. Alilitazama lile hema kwa muda, macho yamelowa, akasogea mbele ya polisi wote wawili. "Niachieni hili," alisema. Akaita, "Hodi."

Upepo tu.

"Hodi, mwanangu."

Ndani, kitu kikagonga. Kidogo sana, kama kuku anayedonoa kopo. Kikagonga tena.

Pilipili aliukata ule ukanda kwa kisu, mara moja. Ndani ya hema, harufu ilikuwa ya ugonjwa wa tumbo, lakini sakafu ilikuwa imefutwa. Chupa za maji zilikuwa zimepangwa ukutani, tupu huku, zenye maji huku, na zenye maji zilikuwa zimebaki chache. Kijana wa kiume alikuwa amelazwa ubavu, mgongo umeegemezwa begi ili asigeuke akajipalia, midomo imepasuka, kifua kinapanda na kushuka. Kando yake binti wa Fundi alikuwa amelala chini, macho wazi, yamezama. Mkononi alishika kifuniko cha chupa. Ndicho alichokuwa anagongea. Na ukitazama shingo ya yule kijana, ilivyolowa, unaona kwamba kifuniko hicho hicho ndicho kilikuwa kijiko chake, tone baada ya tone, siku zote zile.

Bi Ungo alipiga goti, akamwekea binti mkono kwenye paji la uso. Kazi ni kazi, na kijana yule alikuwa na ndugu mahali fulani. "Binti yangu, huyu ni nani wako?"

Midomo ilisogea. Sauti haikutoka. Bi Ungo akamwambia nyamaza, nyamaza, mama, itakuja.

Fundi alikuwa amelisikia swali. Alisimama mlangoni akimtazama yule kijana, nywele zake za kusokota, bangili zake za tamasha mkononi, na uso wake ukawa mgumu kama meza ya kukatia. Halafu akaingia, akampita kijana, akambeba mwanawe kama alivyombeba alipokuwa na kimo cha meza. Pilipili akambeba kijana, mabegani, mbio, mpaka gari la polisi, na harufu hakuitaja hata mara moja.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja chenye vitanda viwili, na vyote viwili vikapata watu. Muuguzi aliwatundikia dripu, akawaosha midomo, akasema wamewahiwa. Kijana alikunywa maji ya mfereji, hilo lilionekana. Binti alipata maradhi kwake, kwa kumhudumia kwa mikono mitupu. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji siku ile ile ya Jumapili, na muuguzi alipomuuliza kuhusu lango alitikisa kichwa tu. Lilikuwa limefungwa, mlinzi kaenda sikukuu, barabara iko mbali, na mgonjwa wake akiachwa chali anakabwa na matapishi yake. Aliyapepeta hayo yote Bi Ungo mwenyewe, akiwa amesimama dirishani na mabuti yake ya matope.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," alimwambia Pilipili kwa sauti ndogo. "Nimetafuta waliopotea kwa ujinga, na waliopotea kwa ubaya wa wengine. Huyu wa leo sijui nimweke wapi."

"Mimi nilimfunga mikono," alisema Pilipili. "Kwa maneno."

"Ulibeba mtu. Tuache hapo."

Jemadari alikuwa amekuja pia, kwa mguu, filimbi bado shingoni. Alikaa kwenye benchi la nje, hakutaka kuingia. Alisema amewarudisha watu wake kwenye mahema yote, moja moja, hodi upya, na trekta litasubiri hata kama ng'ombe watakula mawe.

Jua lilipoanza kuteremka, binti alifumbua macho. Alimwona baba yake amesimama miguuni pa kitanda, futi shingoni. Fundi alikuwa na mambo mengi ya kusema. Alitazama kitanda cha pili. Alitazama zile bangili. Alimkunjia mwanawe shuka vizuri miguuni, akalinyoosha pindo lake ambalo halikuwa na kosa lolote, akalinyoosha tena.

"Mwanangu," alisema mwisho, "sitakasirika. Niambie tu. Yule ni nani wako?"

Binti aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama kijana aliyelala, kifua kinapanda na kushuka. Akakusanya mate, akameza. Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka.

"Simjui, baba. Nilikuwa napita na mzigo wangu, nikakuta wamemwacha."